Kutoka Omo Hadi Tezi

Nikisema kwetu ni Bagamoyo, watu huniuliza habari za majahazi na magofu ya Kaole. Nawaacha wamalize, kisha nawaambia kwetu ni Bagamoyo ya Tukuyu, kwenye migomba na chai. Maji makubwa ya karibu ni Ziwa Nyasa, huko chini Kyela. Hata hivyo, chombo cha kwanza nilichokipima maishani nilikipimia uani kwetu.

Kilikuwa cha mjomba, mvuvi wa usipa kule Matema. Mitumbwi yake ya mwanzo ilichongwa kwa gogo zima, na urefu wake uliamuliwa na mti. Mjomba alikanyaga juu ya gogo, kisigino kikifuata kidole gumba, akafika mwisho na kutamka: "Huu wa watu watatu na nyavu." Hakutaja futi hata moja. Kwenda ziwani nako kulihitaji kamba, miti ya kuviringishia na vijana wenye nguvu.

Miti mikubwa ilipoadimika, mjomba akaja Bagamoyo kutafuta mbao. Seremala wa jirani, aliyezoea vitanda na madirisha, akamtengenezea boti la futi 24. Tukaita lori la Fuso lilipeleke ziwani. Dereva akamtuma utingo azungushe kamba, kisha akatikisa kichwa: "Mzee, hili si la 24. Ni 26 na nusu." Seremala akaapa. Nikapewa tepu mimi, mtoto wa shule, niwaamulie.

Wote wawili walikuwa sahihi. Seremala alipima mkuku, ule mti wa chini alioanza nao kazi. Dereva alipima kutoka ncha ya omo hadi tezi, na omo lilikuwa limelala mbele kama shingo ya bata. Samaki wangetosha kwa hesabu ya seremala, lakini kona za kuteremkia Kyela zilitaka hesabu ya dereva. Boti likafungwa, tezi likachungulia nje ya bodi likiwa na kitambaa chekundu, nasi tukashuka taratibu, utingo akipiga kelele kila kona.

Miaka ikapita. Mwaka 2018 usimamizi wa vyombo vya majini ukatoka mamlaka ya SUMATRA ukaenda shirika la TASAC, na Septemba 20 mwaka huohuo kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikaua watu zaidi ya 220. Baada ya hapo hata ufukweni Matema hakuna aliyemcheka mtu mwenye tepu.

Ndipo binamu yangu akatengeneza pantoni ndogo ya kutembeza wageni: maboya mawili marefu ya chuma, juu yake sakafu ya mbao. Safari hii hatukuhitaji kitambaa chekundu. Aliifungua akaipakia vipande, kama Wajerumani walivyoleta meli yao Hermann von Wissmann kupitia Zambezi na Shire, ikaelea Nyasa mwaka 1893.

Mkaguzi alipofika Matema, binamu akamtajia mita tisa. Mkaguzi akapima, akaandika nane na kidogo. Binamu alikuwa ameunganisha ngazi ya kupandia na mashine ya nyuma.

"Hivyo vinafunguka kwa spana," mkaguzi akasema. "Napima kinachoelea."

Akapima na upana, akatazama maboya yalivyozama, akapiga hesabu: abiria wanane.

Mjomba, sasa mzee wa mkongojo, alikuwa amekaa kando. Akainuka, akavua kandambili, akaanza kuikanyaga sakafu kisigino kwa kidole, polepole, hadi mwisho. Sote tukanyamaza. Binamu alikuwa akitegemea kumi, pengine kumi na wawili.

Mjomba akageukia ziwa. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuamka, mawimbi yakivunjika meupe.

"Mimi nimepata kumi," akasema. "Lakini nimehesabu kukiwa shwari. Andika wanane, mwanangu."

Akarudi kuvaa kandambili zake.