Mbuzi wa Jirani Kule Ng'ambo

Vijana wengi waliozaliwa hapa Nyarugusu wananiuliza kule ng'ambo kukoje, maana wao Kongo wanaijua kwa masimulizi ya wazee tu, jioni, mvua ikinyesha. Leo nawaandikia safari moja, ile ya mwaka 2007, pamoja na habari ya mbuzi.

Wakubwa mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na ilipofika Oktoba 2005 zikaanza safari za kurudi kwa hiari, kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mama alikwenda kujiandikisha bila kutuuliza. Mimi sikutaka. Nilikuwa na miaka 23, nimekulia unga wa mgao na njegere za njano, na rafiki zangu wote wako hapa. Lakini mama mjane utamwacha apande meli peke yake? Basi nikaandikisha jina langu chini ya lake.

Lori lilitutoa asubuhi, Makere, Kasulu, halafu ile njia ndefu ya vumbi kwenda Kigoma. Akina mama waliimba mapambio mpaka Kasulu. Kutoka pale kila mtu akanyamaza na mawazo yake. Ukifika Kigoma mjini barabara inateremka, na mara unaona maji, maji matupu, na mbali sana kitu cha bluu kama wingu. Wazee wakasimama ndani ya lori wakanyoosha vidole. "Ile siyo wingu," wakasema. Ilikuwa milima yetu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mambo hayo nilifundishwa shuleni hapa kambini. Ambacho sikufundishwa ni jinsi rasi ya Ubwari ilivyokaa. Imetoka nchi kavu kama mkono ulionyooshwa kuelekea kaskazini, na Baraka iko ndani, kwapani. Kwa hiyo meli haiendi moja kwa moja. Inapanda mpaka ncha ya vidole, inazunguka, ndipo inarudi kusini ndani ya ghuba. Unauona mlima wa kwenu karibu kabisa, halafu inabidi uuzunguke. Mama alikaa kwenye sitaha muda wote ule, amejifunga kitenge, hakula kitu.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Baraka, kando ya ziwa, njia ya kwenda Uvira. Tulikuta michikichi ya baba imesimama na jiwe la mama la kusagia liko palepale. Nyumba haikuwapo. Kuta za udongo zilikuwa zimeanguka na juu yake mtu amepanda muhogo, umeshika vizuri kweli. Hatua kama mia mbili kutoka pale ilisimama nyumba ya jirani, na mlango wake ulikuwa mlango wetu.

Hapa lazima nirudi nyuma. Baba alikuwa fundi seremala. Mlango ule aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mvule, na kwenye ubao wa kulia alikuwa akitupima sisi watoto kila Noeli, anakata alama kwa kisu. Huyuhuyu jirani, baba alimtengenezea mtumbwi mkubwa wa mbao, na vita vilipofika kwetu mwishoni mwa 1996 malipo yalikuwa hayajakwisha. Usiku ule wa kukimbia tulishuka ufukweni tukijua tuna nafasi. Tukakuta mtumbwi umesukumwa majini, umejaa watu wake na mizigo yake, hata kuku. Baba aliita. Alituona, nina hakika alituona, kwa sababu aligeuza uso. Tukakaa mvuani siku mbili ndipo tukapata watu wengine wa kutuvusha. Dada yangu mdogo alianza kukohoa hukohuko ufukweni. Hakumaliza mwaka hapa kambini.

Jirani yeye alirudi Kongo mapema, akachukua mlango, akalima kiwanja. Basi ndiye tuliyemkuta.

Siku ya tatu mama akaenda kumsalimu mke wake. Nilikasirika sana, nikamwambia mama anatuaibisha. Wiki iliyofuata akaenda kwa chifu wa kijiji kudai kiwanja. Hapo nikachanganyikiwa kabisa: kama umemsamehe unamshitakia nini, na kama unamshitaki unamsalimia nini? Mama hakuona shida yoyote. Kiwanja ni cha watoto wa fundi, alisema, na salamu ni salamu. Wazee wakakaa, wakasikiliza pande zote mbili, wakaamua kama desturi ya kwetu: ardhi inarudi kwa wenyewe, lakini aliyepanda ang'oe muhogo wake kwanza. Habari ya mlango mama hakuigusa. Habari ya mtumbwi pia hapana.

Nisemeje juu ya wahubiri wetu? Nawapenda, lakini Warumi 12 wanapenda kuihubiri kama mbinu ya kumshinda mtu. Mlishe adui, naye ataungua kichwa kwa makaa! Watu wanashangilia kama mpira umeingia golini. Mama hakuwa na habari ya kumuunguza mtu. Alikuwa hajui kusoma vizuri, Biblia aliisikia kwenye kikundi cha akina mama, na sehemu aliyoishika kuliko zote ilikuwa ile ya Elisha, 2 Wafalme 6, pale askari wa Shamu wanapoingia mikononi mwa mfalme wa Israeli, mfalme anauliza kama awaue, na nabii anasema wapewe chakula na maji warudi kwao. Mama alikuwa akicheka, ati mtu anapika chakula cha jeshi zima halafu hakuna hata mmoja anayeosha sufuria.

Sasa mbuzi. Tulikuwa tunaishi chini ya turubai pembeni ya kiwanja, tunangoja muhogo wa mtu ukomae. Jioni moja nikamkuta mbuzi jike, ana mimba, ameingia kwenye kibustani chetu cha lengalenga na kamba inaburuta. Nilimjua ni wa nani. Nikamfunga nyuma ya turubai, nikamwambia mama, huyu halipi mtumbwi wala mlango, lakini leo ashinde na njaa ya kumtafuta. Nilikuwa nasema kwa moyo wote, sikutania.

Mama alikuwa anapepeta unga wa muhogo. Akaniuliza, kwenye Kutoka sura ya 23 Musa anaagiza nini ukimkuta mnyama wa adui yako amepotea? Nikasema hapo imeandikwa ng'ombe au punda. "Basi baba, umepewa nafuu," akasema. "Punda ni mkubwa. Huyu hata hutachoka." Akaendelea kupepeta.

Nikaenda. Mnaodhani nilikwenda kwa moyo mweupe mnisamehe, nilikwenda kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Hatua zile mia mbili ni ndefu kuliko njia ya kutoka hapa mpaka soko la Makere. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa, na giza lilikuwa halijaingia sawasawa. Nikaona alama. Zetu zote zilikuwapo, zimefifia, na juu yake na katikati yake kulikuwa na nyingine, za mkaa, za watoto wake. Walikuwa wanapimwa palepale.

Akatoka. Alikuwa amezeeka, hana meno ya mbele. Akashika kamba, akampapasa mbuzi tumbo, hakuniangalia.

"Kijana wa fundi," akasema. "Mama anasemaje?"

"Anakusalimu, mzee."

Mama hakuwa amenituma salamu yoyote. Neno lile sijui lilitoka wapi, nimelifikiria miaka mingi.

Wengine mtauliza kama jirani alitubu. Msitegemee. Juu ya mtumbwi hakusema neno mpaka mwisho. Muhogo aling'oa kwa wakati, hilo nampa haki yake, na mara moja tulikuta kikapu cha ndagaa mlangoni pa turubai bila mwenyewe. Mama akasema yaweza kuwa wa yeyote, akaziosha akazikaanga na mawese. Mama alifariki mwaka 2011. Jirani alikuja msibani, akakaa nyuma, akala, akaondoka. Mwaka uliofuata mapigano ya Fizi yakanirudisha mimi huku, lakini hiyo ni habari ya mwezi mwingine.

Narudi kwenye jioni ile. Nilipofika kwenye turubai mama alikuwa ameshasonga bugali, sombe iko tayari. Nikanawa. Hakuniuliza mzee amepokeaje. Alinimegea, akangoja nile kidogo, ndipo akauliza kwa sauti ya chini kama alama bado zipo.

Nikasema zipo.

"Na ya mdogo wako?"

Nikasimama, nikaweka kiganja kwenye mwili wangu, chini kidogo ya kiuno, ili aone. Hapa, mama. Alitazama mkono wangu muda mrefu, bugali likapoa.