Gunia la Shangazi

Ni hatari kuitwa mjuzi wa Kiingereza kabla hujakijua. Nilikuwa kidato cha pili, nyumbani Ngamiani, Tanga, na majirani walikwisha kunihesabu miongoni mwa wasomi.

Jioni moja jirani yetu, niliyemwita Shangazi ingawa hatukuwa na udugu wa damu, alinijia na barua kutoka Uingereza. Mwanawe, baharia, hakujua kuandika. Aliandikiwa na Mwingereza aliyefanya naye kazi melini. "Nisomee, mwanangu," akasema, "wala usiruke neno."

Sikuruka neno, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nilimfasiria kwamba kijana wake mwezi uliopita alipewa gunia, na sasa yuko chini ya hali ya hewa. Hili la pili nilisema ni baridi ya Ulaya. La kwanza halikuhitaji maelezo. Shangazi alipiga kigelegele, akaniagiza nijibu kwamba gunia likiuzwa, fedha ziletwe zinunue mabati, maana nyumba inavuja. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu akatufundisha misemo ya Waingereza. Kumbe kupewa gunia ni kufukuzwa kazi! Na aliye chini ya hali ya hewa ni mtu asiyejisikia vizuri. Yaani kijana alikuwa hana kazi, tena mgonjwa, nasi tukamdai mabati.

Mitego hiyo imo katika kila lugha. Mwingereza akisema mzee fulani amepiga ndoo teke, usiitafute ndoo, mzee amefariki. Akisema unamvuta mguu, maana yake unamtania. Nasi tumo: mwambie mgeni kwamba fulani amemwaga unga, ataleta ufagio, kumbe maskini kaachishwa kazi, sawasawa na yule wa gunia. Dalili ya mtego ni kwamba kila neno unalijua, lakini habari haikai sawa. Hapo tafuta maana ya usemi mzima, usifasiri neno moja moja. Baharia hulipwa mshahara, halipwi magunia. Laiti ningejiuliza hilo tu!

Kumwambia Shangazi sikuthubutu. Kila aliponiuliza kama barua nyingine imekuja, nilijibu haijaja, nikapita upesi.

Mwaka uliofuata kijana alirudi, amekonda, na mfuko mmoja wa nguo begani. Shangazi aliutazama ule mfuko, kisha akanitazama mimi.