Kourou anapofika ku televizyo

Ndugu msomaji, labda utashangaa kuona mchungaji anakuandikia juu ya filme, tena filme ya muziki wa dunia. Usifunge gazeti kwanza. Aliyeitunga ni mtoto wa kwetu, Mwezé Ngangura, aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1950. Alikwenda kusomea sinema Ubelgiji, na mwaka 1987, wakati nchi yetu ingali ikiitwa Zaire, yeye pamoja na Mbelgiji mmoja, Benoît Lamy, walitoa filme iitwayo La vie est belle, maana yake Maisha ni mazuri. Vijana wengi ninaokutana nao, hapa mjini hata kule machimboni, hawajaiona. Wazazi wao ndio wanaikumbuka, na wakiikumbuka wanaanza kucheka kabla hawajaeleza kitu.

Hadithi yenyewe si ngumu. Kourou ni mpiga muziki maskini wa kijijini. Anaingia Kinshasa kutafuta muziki wa magitaa ya umeme, kwa sababu anataka sauti yake isikike ku redio na watu wamwone ku televizyo. Jina kubwa halimngoji barabarani, basi anatumika kama boyi katika nyumba ya tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye bar ya muziki. Kourou anampenda msichana jina lake Kabibi. Na patroni naye anamtaka Kabibi huyo huyo awe bibi wa pili, ijapo ana mke wake Mamou nyumbani.

Sasa angalia namna mtunzi anavyotucheza. Patroni ana pesa, ana motokari, ana watu wa kumwamkia, lakini nguvu za kiume zimemwishia. Anakwenda kwa mganga. Mganga anamwambia aoe msichana bikira, kisha asimguse kwa muda wa siku 30. Wewe uliyekulia karibu na moto wa bibi yako, unajua dawa hii ya hadithi: usifungue kile chungu, usigeuke nyuma njiani. Mara tu mtu anapokatazwa, sisi wasikilizaji tunaanza kuhesabu. Siku 30 ni nyingi. Mume wa jina tu yuko pembeni anangoja, na kijana anayependwa kweli yuko karibu. Hakuna haja ya bunduki wala ya motokari kufukuzana. Kalenda peke yake inatosha kutushika mpaka mwisho.

Halafu kuna ufundi mwingine ambao mimi naupenda kuliko wote. Kourou, huyo boyi asiyejulikana na mtu, anachezwa na Papa Wemba! Mwaka 1987 nani katika Zaire hakuijua sauti ya Papa Wemba? Hata mtoto wa Kadutu alijua namna wafuasi wake wanavyovaa. Kwa hiyo watu walikaa mbele ya filme wakijua jambo ambalo patroni halijui, Kabibi halijui, na Kourou mwenyewe halijui: yule wanayemtuma kama mtoto ndiye nyota. Kila mara patroni anapomfokea, watu wanacheka, kwa kuwa wanajua nani atalipa deni la kicheko hicho. Mtunzi hakuongeza hata neno moja kutueleza. Alichagua tu mtu wa kucheza.

Katika masomo yetu ya Biblia tulifundishwa hadithi ya Nathani mbele ya mfalme Daudi, katika 2 Samweli 12. Tajiri mwenye kondoo wengi anamchukulia maskini kondoo wake mmoja. Nathani hakumshitaki mfalme kwanza. Alimsimulia, akamwacha akasirike mwenyewe, na hasira ile ikamrudia. Ngangura naye ana tajiri mwenye vingi na maskini mwenye kimoja, lakini badala ya hasira ametumia kicheko. Nafikiri alijua nchi aliyokuwamo. Wakati ule huwezi kumcheka Mkubwa wa nchi mbele ya watu. Lakini mkubwa wa bar, mwenye kitambi, anayepoteza pesa zake kwa mganga, huyo unaweza kumcheka mpaka machozi yatoke, na kila mmoja anamweka mkubwa wake pale moyoni. Filme haimtaji mtu wa serikali. Inaonyesha tu nyumba moja, na watu wanaoishi kwa Artikle 15, ile sheria isiyoandikwa popote: jitafutieni wenyewe.

Na Kourou hatuambiwi ni mtu mbaya kwa sababu anatafuta jina. Hapa mimi nasimama upande wa mtunzi. Katika makanisa yetu tunawakaripia haraka sana vijana wanaotaka kuimba, na wale wanaotaka kuwa wakubwa wa pesa tunawapa kiti cha mbele. Filme imegeuza: mwenye ndoto anapendwa, mwenye pesa anachekwa.

Lakini kuna mahali pananisumbua, na hapo nataka tukae kidogo. Kourou anafaulu. Anaimba wimbo uliopewa jina la filme, watu wanamwona ku televizyo, msichana ni wake, muziki unapanda, na filme inakatwa. Ni haki yake. Hadithi ya kuchekesha ikatwe watu wakiwa wanacheka, au sivyo si ya kuchekesha tena. Ila vijana wetu wanabeba mkato huo wa hadithi na kuufanya mkato wa maisha.

Ninyi mlio machimboni mnaijua kazi ya kuvunja mawe. Kule Kinshasa, kwa Kilingala, jiwe ni libanga, na mtu anayehangaika kutafuta chakula husema anapiga libanga. Lakini kuna libanga lingine: ni pale mwimbaji anapotaja jina la mtu katikati ya wimbo, na mtu huyo amelipa ili atajwe. Husema amemtupia libanga. Sikia jambo hilo vizuri, kijana wa Kamituga: kuna mtu anayevunja mawe usiku kucha ndani ya shimo, na kuna mtu anayelipa pesa ili jina lake litupwe kama jiwe katika wimbo, mara moja, sekunde mbili. Nimeongea na kijana mmoja mchimbaji aliyeweka pembeni pesa ya miezi mitatu kwa ajili hiyo. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, “Pasta, batu bajue kama niko.” Sikuwa na maneno ya haraka ya kumpa. Njaa hiyo ni ya kweli, si ujinga.

Papa Wemba mwenyewe aliishi ile sehemu ambayo filme haikuonyesha. Jina lake lilivuka bahari, akaimba Ulaya, Japani na mahali pengi. Lakini jina likawa mlango ambao wengine walitaka kupitia. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa kwa shitaka la kuingiza watu kwa viza, wakiitwa wanamuziki wake nao si wanamuziki. Alikaa gerezani miezi kadhaa, na mwaka 2004 mahakama ikamkuta na hatia. Kwa watu wale, nyota ya Kourou ilikuwa karatasi ya kusafiria. Alitoka, akaimba tena, na tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani huko Abidjan, akiwa na miaka 66, akafa.

Ngangura naye hakuishia kwenye kicheko cha kwanza. Mwaka 1998 alitoa Pièces d'identités, filme ya mzee mmoja, mfalme Mani Kongo, anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake Mwana. Mwaka 1999 ilipata zawadi kubwa kuliko zote kule Ouagadougou, katika sikukuu ya sinema ya Afrika, FESPACO. Ukiziangalia hizo mbili moja kisha nyingine, utaona kijana anayetoka kijijini kutafuta jina, kisha mfalme anayefika mji ambako jina lake halina uzito wowote. Ni kama mtunzi amerudi kuuliza swali lake kutoka upande mwingine.

Hivi karibuni tuliiangalia La vie est belle pamoja na vijana na wamama fulani, kwa jenereta, ukutani. Vijana walicheka zaidi kwa mganga. Wamama walicheka zaidi kwa patroni, na nadhani kila mmoja alikuwa na mtu wake akilini. Ilipokatwa, niliwauliza jambo moja tu: kesho yake asubuhi Kourou anafanya nini? Kijana mmoja akasema atalipa madeni. Mwingine akasema atabadilisha namba ya telefone, sababu jamaa watakuwa wengi. Wakacheka. Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo, “Na kule kwa patroni, sasa nani njo anafagia?”

Tulibishana juu ya hilo mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.