Chai ya Tumbo Flati na Moyo wa Mdogo Wangu

Wadau, leo naomba tuongelee hizi chai za kupunguza tumbo ambazo mastaa wetu wanazipigia promo kila siku. Kuna dada mmoja wa hapa mjini, jina nalihifadhi, kiuno cha nyigu, wafuasi kibao. Anashika kikombe, anacheka, namba ya kuagiza iko chini. Mdogo wangu akaagiza.

Pakiti niliisoma mwenyewe: majani ya sena. Sena ni dawa ya kuharisha, basi. Mafuta ya tumbo hayaguswi. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ndo maana mzani unashuka fasta.

Sasa bibie usiku chai, asubuhi jogging Coco Beach, na msosi anadonoa kama ndege. Wiki ya tatu miguu ikaanza kukosa nguvu. Jumamosi moja akakaa chini ghafla, kashika kifua: "Dada, moyo unaruka." Nikamshika mkono, kweli, mapigo mawili yanakuja, moja halipo, halafu linakuja moja zito.

Hospitali wakampima damu na umeme wa moyo. Potasiamu 2.7, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5. Daktari akatuelewesha kwamba kila pigo linaanzishwa na umeme, na umeme huo unatokana na sodiamu, potasiamu na kalsiamu kuingia na kutoka kwenye seli za moyo. Potasiamu ikipungua, seli zinachelewa kutulia, mapigo ya ziada yanajichomeka, na moyo unaweza kusimama kabisa. Mazoezi nayo yanachangia: ukikimbia, misuli inamwaga potasiamu kwenye damu, ukipumzika, inairudisha kwa kasi na kiwango kinashuka. Mwenye afya hata hasikii. Aliyeanza akiwa chini ndo balaa.

Akalazwa, dripu ya potasiamu polepole mno, maana ikiingia haraka nayo inasimamisha moyo. Usiku ule sikulala, nilikuwa natazama ile mashine tu.

(Watu wa madafu msinune: yana potasiamu nyingi, mazuri kweli, ila mwenye tatizo la figo amuulize daktari kwanza.)

Alipotoka, akamwandikia yule dada inbox, kwa adabu kabisa, na picha ya majibu ya vipimo. Ikasomwa. Kimya. Kesho yake kablokiwa. Chai sasa hivi iko kwenye ofa, ukinunua mbili unapewa moja bure.