Spika ya Gari Kuukuu

Gari la Chevrolet la mwaka 1964, mtoto alirithipo kwa babaye, huja na mambo mengi yaliyochoka, na mojawapo ni spika ya redio. Karatasi yake, iliyokaa chini ya kioo cha mbele miaka sitini ikichomwa na jua, huwa imekauka na kupasuka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Redio yenyewe, kazi ya Delco wa mji wa Kokomo, Indiana, aghalabu huwa ingali nzima. Mrithi husikia mkwaruzo mahali pa sauti aliyoizoea utotoni akiwa kiti cha nyuma, naye huenda dukani kutafuta spika mpya. Hapo ndipo hatari inapoanza. Spika iliyopasuka haiui redio. Spika mpya isiyoifaa yaweza kuiua.

Dukani hutazama mambo mawili, ukubwa na wati. Ukubwa hauna budi kutazamwa: spika za umbo la yai, inchi 4 kwa 10, zilikuwa za kawaida katika magari mengi ya General Motors ya miaka ile, na sumaku nene ya siku hizi huenda isipate nafasi ndani ya dashibodi. Wati, kwa upande wake, humpumbaza mnunuzi. Idadi iliyoandikwa juu ya boksi ni mzigo ambao spika yaweza kuustahimili, si nguvu itakayoitoa. Jina la kipaza sauti, ambalo wengine hukipa chombo hiki, lina udanganyifu kidogo, kwa kuwa chenyewe hakizidishi kitu. Hutumia kile kilichopewa. Redio ile hutoa wati chache tu, na spika ngumu ya wati 100 ikipewa chache hizo hunung'unika. Heri kuuliza wepesi wake wa kuitika, upimwao kwa desibeli: spika ya desibeli 86 hudai nguvu mara nne ili isikike sawa na ya 92.

Lakini lililo zito kuliko yote ni ukinzani, upimwao kwa omu. Redio nyingi za Delco za miaka ya 1960 zilikusudiwa spika ya omu 10. Spika nyingi za magari ya leo ni za omu 4. Transista moja kubwa ya gerimaniamu ndiyo isukumayo sauti yote, nayo hupitisha umeme wakati wote, hata msoma habari anapovuta pumzi. Gerimaniamu na joto si marafiki: kadiri ipatavyo moto ndivyo ipitishavyo umeme zaidi, na umeme ukizidi, joto nalo huzidi. Kuipa omu 4 ni kuitwika mzigo usio wake.

Spika ya omu 8 yatosha. Mbili za omu 4 zikiungwa kwa mfuatano hufika 8 vilevile. Wako wanaotia kikinza cha omu 6 mbele ya spika ya omu 4. Hesabu ni sahihi, lakini sehemu 6 katika kila 10 za nguvu ile haba huishia kuwa joto la bure, na huo ni ubadhirifu.

Iliyo bora ni kuipeleka spika ile ile kwa fundi, akaing'oa karatasi iliyochakaa na kutia mpya pamoja na koili ya omu zile zile, juu ya sumaku ya asili. Wengi huona kazi hiyo ni ya polepole na ghali. Wala hairudishi sauti ya utotoni kamili, maana karatasi ile ya kale ililegezwa na miaka, na mkono uliokuwa ukizungusha kitufe haupo tena. Mrithi na angoje. Na spika ikiwa ingali kwa fundi, asiiwashe redio hata kwa kujaribu, kwani transista ile yaweza kufa kwa kukosa spika kama ifavyo kwa spika isiyoifaa.