Bastola ya kaka na orodha yake

Samahanini wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Si kwamba mada zimeisha. Ni hii moja ambayo kila nikikaa kuiandika naona aibu. Leo naitua.

Mwaka 2023 nilipata bahati ya kwenda Marekani kwenye semina fupi ya waandishi wa habari. Ilipoisha nikapitia Houston, Texas, kumsalimu kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Kaka anauza usiku kwenye kituo cha mafuta. Miezi kadhaa kabla sijafika, jamaa mmoja alimwekea bastola usoni, akazoa fedha za droo na kutokomea. Hakumuumiza. Lakini wiki iliyofuata kaka naye akanunua ya kwake, Glock 19.

Mimi mtoto wa Mbagala. Silaha niliyozoea kuiona ni bunduki ya mlinzi wa benki, na mara nyingi mlinzi mwenyewe anasinzia. Kwetu bastola haipatikani bila maombi na leseni. Texas ni habari nyingine: tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, anaruhusiwa kutembea nayo bila kibali.

Basi jioni ya kwanza, baada ya ugali (ndiyo, ugali Houston!), kaka akanitolea karatasi. Kazini wamempa bonasi ya dola 500 na anataka kuiongezea bastola vikorombwezo. “Mdogo wangu, wewe kazi yako kuchunguza. Nichagulie.”

Jamani, nilinogewa! Usiku huo sikulala, nasoma tu. Namba moja kwenye orodha ilikuwa triga nyepesi. Triga ya kiwandani ya Glock inahitaji nguvu ya kama kilo mbili na nusu. Za kubadilisha zinapunguza uzito huo, kidole kinavuta kwa ulaini. Namba mbili, vilengeo vya tritiamu, vinavyong'aa gizani bila betri. Vya kiwandani ni vya plastiki. Tritiamu nayo hufifia, kila miaka 12 hivi nguvu yake inabaki nusu. Namba tatu, kilengeo cha nukta nyekundu, lakini bastola ya kaka si ya toleo lililochongwa tayari kukipokea, kwa hiyo ingebidi fundi aichonge juu. Namba nne, tochi ya kufunga chini ya mtutu. Kufika saa nane usiku nilishapiga hesabu: triga na vilengeo, chenji inabaki. Nikajiona mtaalamu.

Asubuhi simu ikazima. Shemeji alishakwenda kazini, kaka amejilaza sebuleni ndiyo kwanza karudi. Akaniambia chaja iko chumbani, droo ya pembeni ya kitanda. Nikavuta droo. Chaja ipo. Bastola nayo ipo, magazini ndani. Nyuma yangu nikasikia kasauti: “Baba mdogo, hiyo ya baba.”

Mtoto wa miaka minne. Hakushangaa wala hakuogopa. Alikuwa anajua ilipo siku zote. Na mimi usiku kucha nilikuwa natafuta namna ya kuirahisisha triga ile ile.

Nikaibeba droo nzima hadi juu ya kabati. Kwa kaka sikusema kitu. Niliona haya, mgeni kumfundisha mwenye nyumba.

Mchana tukaenda uwanja wa shabaha. Mkufunzi, mzee wa makamo, akaichukua orodha ya kaka, akauliza, “Tangu uinunue umepiga risasi ngapi?” Kaka akajibu, hamsini. Mzee hakucheka. Triga, akasema, iache kama ilivyo. Mwenye hofu mkononi hahitaji triga nyepesi. Nukta nyekundu mpaka ukishazoea vilengeo vya kawaida. Ukitaka tochi, chagua tochi kwanza ndipo ununue ala ya kiunoni, maana ala ya bastola tupu haiingii bastola yenye tochi. Na ala yenyewe iwe ngumu, iifunike triga yote. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: tochi ya bastola inamulika kule mtutu unakoelekea. Ukimmulika aliyeko koridoni ili umjue ni nani, tayari umeshamlenga. Kwa hiyo nunua na ya mkononi.

Halafu akauliza, “Nyumbani kuna mtoto?”

Kaka kimya. Nikajibu mimi. Nikaeleza na habari ya droo.

Kwenye gari kaka aliwaka. “Umenivua nguo mbele ya watu! Wewe hujawahi kuwekewa mtutu usoni.” Kweli, sijawahi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba usiku mtoto huamka kwenda kunywa maji, na anapita koridoni. Hatukusemeshana mpaka nyumbani.

Kesho yake akaniamsha mwenyewe, twende dukani. Dola 500 zile zilinunua kasiki ndogo ya namba za siri, iliyofungwa kwa skrubu ndani ya kabati, ala ngumu, tochi ya mkononi, na maboksi ya risasi za kujifunzia. Triga ikabaki ya kiwandani. Baadaye nikajua hata sheria ya Texas inamtia hatiani anayeiacha kizembe bunduki yenye risasi hadi mtoto chini ya miaka 17 akaifikia.

Msinielewe vibaya, sijawa shabiki wa bastola, na hofu ya kaka sina haki ya kuicheka. Yeye bado anauza usiku, mimi nalala. Ninachoona aibu ni ule usiku wangu wa utaalamu. Mwandishi mzima, nimechunguza kila kipande cha chuma kile, swali la nani mwingine anaishi nyumba ile halikunijia.

Mtoto sasa anasoma shule. Tukiongea kwa simu ananiuliza nitarudi lini. Droo ile, anasema, siku hizi ina chaja tu.

Wewe msomaji ungekuwa mimi, pale uwanjani ungesema au ungenyamaza?