Chumvi ya Nyumbani, Maziwa ya Ugenini

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu mlio nyumbani,

Katika mji huu wenye maelfu ya familia zilizotoka Afrika Mashariki, wakiwemo Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, kumlea mtoto bila nyama si jambo geni. Mtoto wa nyumba ya Kihindu au ya Kijaini isiyopika nyama hukua kwa dengu, choroko, chapati, mtindi na samli, na hukua vizuri. Lakini itazameni tena orodha hiyo: nyama haimo, maziwa yamo. Desturi hiyo ya karne nyingi imeegemea ng'ombe. Mzazi wa leo anayeondoa nyama, akaondoa samaki, kisha akaondoa na maziwa, anafanya jambo jingine kabisa. Huyo ndiye ninayemwandikia, pamoja na bibi na shangazi wanaompa ushauri kwa simu. Ninachomwomba ni hiki: kinywaji cha kushika nafasi ya maziwa akichague kwa kuangalia kazi ambayo maziwa hufanya katika nchi anamokulia mtoto wake. Weupe wa kinywaji hauonyeshi kazi hiyo.

Chukueni madini joto (iodini). Kwa vipimo vya Uingereza, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban mikrogramu 70 kwa siku. Tanzania na Kenya sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo, kwa hiyo mchicha na maharage ya nyumbani huyapata bila mpishi kuwaza. Uingereza haina sheria hiyo, chumvi nyingi ya madukani haina madini joto, na wazazi huelekezwa wasitie chumvi kabisa katika chakula cha mtoto mdogo. Watu wa huku huyapata hasa kwenye maziwa, kwa sababu ng'ombe hulishwa vyakula vilivyoongezewa madini hayo, na hata dawa ya kusafishia chuchu zao mara nyingi huwa nayo. Samaki ndiye njia nyingine. Mtoto asiyekula samaki wala kunywa maziwa amefungiwa milango yote miwili, na hakuna mtu aliyekusudia kuifunga. Bibi akisema kwamba watoto wa pwani walikua bila maziwa ya ng'ombe, anasema kweli. Walikuwa na samaki, dagaa, na jua la mwaka mzima. Huku, kuanzia Oktoba hadi Machi jua halina nguvu ya kuutengenezea mwili vitamini D, ndiyo maana serikali inashauri kila mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apewe mikrogramu 10 kila siku, awe mla nyama au asiwe.

Kalsiamu ni rahisi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji miligramu 350 kwa siku, na watengenezaji wengi wa vinywaji vya mimea huongeza miligramu 120 katika kila mililita 100, karibu sawa na maziwa ya ng'ombe. Ugumu uko kwenye protini. Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina gramu 3 na ushei, za soya karibu gramu 3, za oti gramu 1 au pungufu, za lozi kama nusu gramu. Kinywaji cha nazi hakina protini ya kutajika, na hapa nawasihi hasa watu wa pwani, maana tui ni letu na tunaliamini. Lina mafuta mazuri ya kumpa mtoto kwenye wali na mchuzi, lakini lisihesabiwe kuwa maziwa yake. Kinywaji cha mchele kina shida nyingine, aseniki, na huduma ya afya ya taifa, NHS, inasema asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kwa hiyo soya isiyo na sukari, iliyoongezewa kalsiamu, vitamini B12, vitamini D na madini joto, ndiyo ninayoitetea, kwa mtoto aliyetimiza mwaka. Kabla ya hapo, kinywaji chake kikuu ni maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga. Na ya mama, Shirika la Afya Duniani linashauri yaendelee hadi miaka miwili na zaidi. Someni maandishi ya paketi: ile ghali ya kilimo hai mara nyingi haikuongezewa chochote.

Wapo watakaosema soya ina homoni za kike. Ina viini vya mmea vinavyofanana kidogo na homoni hizo, lakini mamlaka za afya za Uingereza zinaikubali kwa mtoto aliyepita mwaka, na mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 uliiweka soya iliyoongezewa virutubisho, peke yake kati ya vinywaji vya mimea, katika kundi la maziwa. Wengine husema Mwafrika hawezi kumeng'enya maziwa. Watu wazima wengi kweli husumbuliwa nayo, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko yao ya urithi yanayowawezesha. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili kwa kawaida bado ana uwezo huo. Mzio wa protini ya maziwa ni ugonjwa mwingine, na huo hupimwa na daktari. Mzazi asiye na sababu ya imani au ya afya ya kukataa maziwa, na ampe.

Pingamizi zito zaidi ni lile la babu: mpeni nyama, yaishe. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya karibu watoto 8,900, kati yao 248 wasiokula nyama. Urefu na akiba ya madini ya chuma havikutofautiana kwa maana, lakini uwezekano wa kuwa na uzito mdogo ulikaribia kuwa maradufu. Nasoma hapo ruhusa pamoja na onyo. Mtoto asiyekula nyama apimwe uzito mara kwa mara, apate karanga iliyosagwa laini, parachichi na mafuta, na maharage yake yakamuliwe ndimu ili chuma kilichomo kifyonzwe vizuri. Chai ya maziwa tunayowapa watoto wetu mapema mno huzuia chuma hicho. Huyu asipewe kabisa.